Baiskeli kuukuu: ifufuliwe au iachwe?

Jumapili moja asubuhi, katika soko la vitu vilivyotumika kusini mwa London, nilisimama mbele ya baiskeli nyeusi aina ya Raleigh iliyoegemezwa ukutani. Matairi yalikuwa yamepasuka na cheni imeshikana kwa kutu, lakini nembo ya kichwa cha korongo mbele ya fremu ilikuwa bado inang'aa. Ni nembo ile ile niliyokuwa nikiipangusa vumbi kila Jumamosi huko Tabora, kazi niliyopewa na marehemu baba.

Nililipa pauni 40 bila ya kuuliza swali hata moja. Miezi miwili baadaye nilikuwa nimetumia zaidi ya pauni 200, na baiskeli hiyo haikuwahi kwenda hata maili moja.

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki na sasa tunaishi ughaibuni hukutana na kishawishi hicho. Raleigh, kampuni iliyoanzishwa na Frank Bowden mjini Nottingham katika miaka ya 1880, ilisambaza baiskeli zake kote Afrika Mashariki. Kiwanda chake cha Nottingham kilisimamisha uzalishaji mwaka 2002, lakini baiskeli zenyewe bado zimejaa katika vibanda na masoko ya Uingereza. Je, utaitambuaje ile inayostahili kufufuliwa?

Inatakiwa kwa kazi gani?

Kabla ya kushika spana, ni vyema mtu ajiulize anaitaka baiskeli hiyo kwa ajili gani. Anayetaka kuiuza kwa faida mara nyingi huambulia hasara, kwani baiskeli za kawaida za Raleigh zilitengenezwa kwa mamilioni. Anayetaka kuiweka kama kumbukumbu hahitaji kutumia fedha nyingi. Kuisafisha kwa kitambaa na mafuta hutosha. Anayetaka kuipanda barabarani ndiye anayepaswa kuwa mkali zaidi, maana uhai wake utategemea fremu na breki.

Fremu kwanza

Tairi, cheni, tyubu na waya za breki hubadilishwa. Fremu ikiharibika, kilichobaki ni vipuri tu. Kwa hiyo ukaguzi huanzia hapo.

Tazama chini ya bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani kuelekea kwenye pedali, karibu na mahali linapoungana na kichwa cha fremu. Rangi ikiwa imekunjamana au imepasuka hapo, huenda baiskeli iligonga kitu kwa mbele.

Kisha chukua uzi. Ufunge upande mmoja wa nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa, uuzungushe mbele ya kichwa cha fremu na uurejeshe upande wa pili. Pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Tofauti ikizidi milimita 2 au 3, imepinda. Chuma kilichopinda kidogo fundi anaweza kukinyoosha. Bomba lililokunjamana limekwisha nguvu.

Kutu ya juu juu isikutishe. Ya hatari ni ile inayokula kutoka ndani. Jaribu kutoa bomba la kiti: likitoka, mulika ndani kwa tochi. Likikataa kabisa, fahamu kwamba kazi hiyo pekee yaweza kuchukua siku kadhaa za kumimina mafuta na kungoja.

Vipimo visivyolingana

Watu wengi hukwama kwenye vipuri. Gurudumu la zamani la inchi 28, lile la breki za fimbo, lina kipenyo cha milimita 635 mahali tairi linapokaa. Magurudumu mengi ya baiskeli za barabarani za leo, ambayo nayo huitwa ya 28, yana milimita 622. Majina ni mamoja lakini tairi la moja haliingii kwenye jingine. Soma tarakimu za milimita zilizoandikwa ubavuni mwa tairi kabla ya kununua.

Raleigh pia ilikuwa na hesabu yake ya skurubu. Kwenye vikombe vinavyobeba gololi za ekseli ya pedali ilitumia mistari 26 kwa inchi, wakati desturi ya Uingereza ilikuwa 24. Vikombe hivyo vikilika, itakubidi utafute vingine vilivyotumika.

Kuna habari njema kwenye habu ya nyuma. Zile za Sturmey-Archer zenye giya tatu mara nyingi zimegongwa tarakimu mbili za mwaka, na nyingi huzinduka kwa matone machache ya mafuta mepesi. Lakini waya wa giya usiporekebishwa sawasawa, pedali yaweza kuzunguka bila kushika kati ya giya ya pili na ya tatu, na mpandaji akaanguka.

Breki nazo zijaribiwe kwa maji. Rimu za chuma zilizolowa mvua hushikwa vibaya mno na breki.

Usikimbilie kupaka rangi

Rangi ya kiwandani, hata iliyochubuka, ndiyo ushahidi wa umri wa baiskeli. Isitoshe, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipiga msasa na kupaka rangi upya kabla ya kukagua. Mikunjo chini ya bomba nilidhani ni uzee. Fundi niliyempelekea alifunga uzi, akapima mara mbili, akaniambia kwa upole nisiipande.

Fremu ile niliitupa. Habu yake, iliyogongwa 58, ilikuwa nzima na nikaihifadhi. Nembo ya korongo niliitoa kwa uangalifu, nayo iko juu ya meza yangu ya kazi.

Baadaye niliiona Raleigh nyingine katika soko lile lile, imechubuka kuliko ya kwanza. Safari hii nilitoa uzi mfukoni. Muuzaji alicheka, lakini alinisubiri nipime. Pande zote mbili zilikuwa sawa. Nikalipa, na sasa ndiyo inayonipeleka kazini, ikiwa na rangi yake ya zamani na habu ya ile iliyoitangulia.