Je, Wajua? Nazi Inayosafiri kwa Cheti

Ukienda kupumzika kisiwani Praslin, nchini Shelisheli, utaona dukani nazi kubwa yenye umbo la nyonga za mwanamke. Cheka ukipenda, lakini kabla ya kutoa pesa muulize muuzaji cheti cha nazi hiyo.

Hiyo ndiyo coco de mer, mbegu nzito kuliko zote duniani. Huweza kuzidi kilo 15, na hukaa mtini miaka 6 au 7 hadi ikomae. Mti wake asili yake ni Praslin na kisiwa jirani cha Curieuse tu, basi kila nazi halali huuzwa ikiwa na namba na cheti cha serikali. Isiyo nacho huishia mikononi mwa maofisa wa uwanja wa ndege, na mamia ya dola uliyolipa yamekwenda na maji.

Zamani mabaharia waliziokota fukwe za Maldivi, wakaamini zinaota chini ya bahari. Ndiyo maana Wafaransa waliziita nazi za bahari. Kumbe nazi nzima huzama! Zilizoelea zilikuwa makaka matupu.

Na lile tunda la shelisheli tunalolichoma sisi Waswahili? Hilo nalo lipo sokoni huko, tena halidai cheti.