Hati ya Busia yachapwa Tororo
Mwaka 2006 dereva wa lori alisimama dirishani pangu Busia akingoja hati ya mzigo. Nikabonyeza kuchapa, karatasi ikatoka Tororo, kwenye ofisi yetu kuu, ilikokuwa seva tuliyoitumia sote kupitia mtandao. Ililetwa na bodaboda, usafiri uliozaliwa mpakani huku miaka ya 1960 kwa baiskeli. Ilipofika, giza lilikuwa limeingia. Dereva akalala ndani ya lori.

Kesho yake fundi aliiruhusu printa yangu iambatane nami kila niingiapo kwenye seva. Haikutosha. Seva nayo ilitaka iwekewe programu ya printa ile ile, kazi iliyopunguzwa baadaye na Windows Server 2008. Nilipobonyeza tena, printa ya mezani pangu ikanguruma.