Mguu Kufa Ganzi: Dawa na Istilahi Yake

Yapo maneno mawili ambayo mgonjwa anayesubiri upasuaji hana budi kuyatenganisha: nusukaputi na ganzi. La kwanza ni dawa impotezayo mtu fahamu; la pili ni hali ya kiungo kukosa hisi ilhali mwenyewe yu macho. Aliyewahi kuukalia mguu wake hadi ukafa ganzi amekwisha kuionja.

Ganzi ya mguu yaweza kutiwa mbali au karibu. Mbali ni mgongoni, katika maji yanayouzunguka uti wa mgongo, na mwili hufa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Njia hiyo ilianzia mguuni hasa. Mnamo Agosti 1898, mjini Kiel, Ujerumani, daktari August Bier alimdunga kokeini kibarua mmoja aliyeugua kifua kikuu cha kifundo cha mguu. Baadaye Bier na msaidizi wake, Hildebrandt, walijaribiana wenyewe. Hildebrandt alipigwa nyundo muundini asihisi maumivu, ila wote wawili waliishia kuumwa na kichwa.

Karibu ni kwenye kifundo chenyewe. Hapo hupita neva tano: nne ni matawi ya neva kuu ishukayo nyuma ya paja, na ya tano hutoka katika neva ya mbele ya paja. Dawa kama lidokaini au bupivakaini huzuia sodiamu kuingia katika neva, na ujumbe wa maumivu hukatika njiani. Mgonjwa aweza kuhisi kuguswa au kusukumwa, lakini si uchungu wa kisu. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni na moyo dhaifu, tofauti hii si ndogo, kwani huepushwa na nusukaputi.

Tatizo li katika lugha. Kiswahili hutumia neno mguu kuanzia pajani hadi vidoleni; wayo ni sehemu ikanyagayo tu. Daktari akisema, "Mzee, tutaufisha mguu," mgonjwa aweza kudhani anaambiwa habari za kukatwa, akakataa kutia sahihi. Heri aambiwe: "Tutatia ganzi kuanzia kifundoni kwenda chini, utakuwa macho, na hisi itarudi baada ya saa kadhaa. Kabla hazijapita, usiukanyagie mguu huo wala usiusogeze karibu na moto."