Pembea ya Tamaa

Msanii mwenye jicho kali huweza kusema kwa picha moja yale ambayo mabunge huyasema baada ya hasara. William Hogarth wa London alifanya hivyo mwaka 1721, alipochora mchoro wa kuwakejeli watu wa mji wake kwa wazimu wa hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini.

Kampuni hiyo ilikuwa na haki ya kupeleka watumwa katika makoloni ya Hispania huko Amerika, na mwaka 1720 ikajitwisha sehemu kubwa ya deni la serikali ya Uingereza. Chumo la biashara yake lilikuwa dogo. Kilichopaa ni bei ya hisa. Januari hisa moja iliuzwa kwa pauni zipatazo 128. Katikati ya mwaka ikakaribia 1,000. Watu walinunua kwa kutumaini kuwa atatokea mwingine wa kununua ghali zaidi. Kabla ya mwaka kwisha bei ilishuka chini ya 200, na waliokopa ili wanunue wakabaki na madeni.

Hogarth alichora pembea ya kuzunguka, mfano wa zile wanazopanda watoto wetu siku za Idi. Wakubwa kwa wadogo wamepanda, kasisi pamoja na kahaba, nao wakurugenzi wa kampuni ndio waizungushao. Kando yake shetani amkata vipande mwanamke aitwaye Bahati na kuwatupia watu nyama yake. Uaminifu umefungwa gurudumuni unapigwa. Na pembeni kabisa Biashara amelala, amedhoofu, wala hapana amtazamaye.

Kwa maoni yetu, huyo aliyelala ndiye kiini cha picha. Wapanda pembea hupoteza fedha zao, na hilo ni la kusikitisha; lakini nchi hupoteza zaidi. Fedha iliyokwenda kwenye pembea imetoka katika chombo, shamba na duka, ambako ingalizaa kitu cha kuliwa au cha kuuzwa.

Viongozi nao hawakusalimika. Waziri wa Fedha, John Aislabie, alifukuzwa Bungeni mwaka 1721 na kutiwa katika Mnara wa London kwa kuhusika na rushwa ya hisa hizo. Aliyewekwa kuilinda hazina alikuwa naye amepanda.

Wala mambo haya si ya Waingereza wa kale pekee. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilisimamisha shughuli za DECI, wakati maelfu ya wananchi walikuwa wamekwisha “kupanda mbegu” zao humo.

Basi yawapasa wenye dhamana kukagua mapema, kabla pembea haijashika kasi. Nasi wananchi, kila tunapoahidiwa faida ya haraka, tuulize swali moja: faida hii yatokana na kazi ya nani? Likikosa jibu, tusipande.