Kamera Ukingoni mwa Ruaha

Wengi miongoni mwetu hudhani kwamba kwenda likizo kutazama wanyama ni shughuli ya wageni watokao ng'ambo. Dhana hiyo ni urithi wa kikoloni, na yafaa ituondoke. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko kiasi cha kilomita 130 tu kutoka mjini Iringa, na kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Oktoba iliyopita nilikwenda huko na watoto wangu, tukiwa na kamera moja ya kuazima.

Mwenye kutaka picha za wanyama na aende wakati wa kiangazi, tena alfajiri. Wakati wa mvua nyasi huwa ndefu na kila bonde lina maji, hivyo mnyama hana haja ya kuja mtoni. Kiangazi kikikaza, wote hulazimika kuufuata mto: pundamilia, twiga, nyati, tandala, na nyuma yao simba. Gari lisimame mbali na njia ya wanyama, injini izimwe, jua liwe mgongoni mwa mpiga picha, na watu wakae kimya. Hilo la mwisho ni gumu kwa watoto, na, kusema kweli, kwa baba yao pia. Twiga hutanua miguu ya mbele ndipo anywe, na kabla ya kuinama huangaza pande zote kwa muda mrefu. Asiye na subira hurudi nyumbani na picha za migongo. Tulimwona pia tembo akichimba mchanga wa mto kwa mguu na mkonga hata akafikia maji safi. Alipoondoka, nyani wakalirithi shimo lake.

Picha iliyowafurahisha watoto kupita zote ilikuwa ya viboko, makumi kwa makumi, wamesongamana katika kidimbwi cha matope. Askari wa hifadhi aliyekuwa nasi akamwambia mwanangu: "Hawakuja hapa kwa kupenda. Hakuna maji kwingine."

Hapo furaha yetu ikapungua. Zamani Mto Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Sababu kubwa iko juu, katika bonde la Usangu, ambako mifereji ya mashamba ya mpunga huchota maji kabla hayajafika katika ardhi oevu ya Ihefu. Mwaka 2006 wafugaji walihamishwa Usangu, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Hata hivyo mto uliendelea kukauka. Aidha, maji hayo hayo ndiyo yanayoelekea kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Si haki kumtupia mkulima mdogo lawama zote. Mchele wa Mbeya tunaula sote, na mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga yaliasisiwa na dola yenyewe. Lakini mfereji unaoachwa wazi baada ya mavuno, maji yakipotelea katika shamba lisilo na kitu, hauna utetezi wowote. Hapo viongozi wa vijiji na wa wilaya hawana budi kusimamia milango ya mifereji, nasi wa Chama tuwaulize.

Chuoni, mwalimu wetu alitusimulia habari za ngamia wa Nabii Saleh, aliyepewa siku yake ya kunywa na watu siku yao, mpaka watu wakaona zamu hiyo ni nzito wakamwua. Utotoni nilimhurumia ngamia tu. Pale ukingoni nilikumbuka ile zamu.

Nyuma ya picha ya viboko nimeandika tarehe na mahali. Mwanangu ameomba Oktoba ijayo tusimame pale pale, tupige nyingine.