Kilobaiti 58 Zisizohitaji Kusafiri

Maktaba ya JavaScript iitwayo jQuery, aliyoitoa John Resig mwaka 2006, bado imo katika tovuti nyingi mno. Toleo lake la 3.6, hata likishapunguzwa nafasi na maelezo yasiyo ya lazima, lina takriban baiti 89,500. Likibanwa kwa programu ya gzip hushuka hadi kama 31,000, na kivinjari kikilifungua hakikosi hata herufi moja. Seva inayolituma bila kulibana inamlipisha mgeni kilobaiti 58 na ushei, kwa bando lake na kwa muda wake.

Msingi wa ubanaji huo uliwekwa mwaka 1977 na Jacob Ziv na Abraham Lempel, wasomi wa Technion, Haifa. Kilichokwisha kuandikwa kisirudiwe, ielekezwe tu kilipo. Chukua maneno "haba na haba hujaza kibaba". Programu ikifika kwenye "haba" ya pili haiandiki neno. Inaweka agizo: rudi nyuma nafasi 8, nakili alama 5, yaani neno lenyewe na nafasi tupu inayolifuata. Mkia wa "kibaba" nao unapatikana kwa kurudi nafasi 14 na kunakili 3. Kwa sentensi fupi namna hii faida ni kiduchu. Katika faili la skripti, ambamo function na return hujirudia kila baada ya mistari michache, ndipo faida inapoonekana. Gzip hutazama nyuma hadi baiti 32,768. Kilicho mbali zaidi ya hapo hukihesabu kuwa kigeni.

Hatua ya pili ni ya David Huffman, aliyeibuni akiwa mwanafunzi wa MIT na kuichapisha mwaka 1952: alama inayotokea mara nyingi ipewe msimbo mfupi, ya nadra ipewe mrefu. Phil Katz aliziunganisha hatua hizo, na mwaka 1992 Jean-loup Gailly na Mark Adler wakazitumia katika gzip, wakikwepa hataza iliyoihusu programu ya zamani ya ubanaji ya Unix. Tangu 2015 kuna pia Brotli ya Google, yenye kamusi yake ya ndani ya vipande vya HTML, JavaScript na maneno ya lugha 6. Kiswahili hakimo, ingawa kwa skripti hilo halitupunguzii kitu.

Sasa tuingie kwenye seva yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapojikwaa. Nginx, programu ya seva aliyoitoa Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004, ikisakinishwa kwenye Ubuntu huja na mstari "gzip on;" tayari. Msimamizi anauona, anatulia. Kumbe mstari huo peke yake unabana kurasa za HTML tu. Skripti zinategemea mstari mwingine, gzip_types, ambao umewekewa alama ya # mbele, kwa hiyo nginx inauruka. Ondoa alama hiyo, hakikisha application/javascript, text/javascript na text/css zimo, pima usanidi kwa "nginx -t", kisha ipakie upya. Picha za JPEG usiziongeze: zimekwisha kubanwa, na kuzibana tena ni kuichosha prosesa bure.

Kubana kunapunguza mzigo. Akiba ya kivinjari, yaani nakala ya faili kinayojihifadhia, inafuta safari kabisa. Kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijafika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano yetu mengi ya kimataifa yalipitia setilaiti zilizo umbali wa kilomita 35,786 angani, na ombi moja pamoja na jibu lake lilikula zaidi ya nusu sekunde. Kebo imeufupisha muda huo sana, lakini ombi lisilotumwa bado halina mpinzani.

Ili kivinjari kiitunze akiba hiyo, mstari ambao seva inapaswa kuuweka katika jibu lake ni "Cache-Control: max-age=31536000", sekunde za mwaka mzima. Wengi wanauogopa, na wana haki: ukirekebisha skripti leo, mgeni ataendelea kutumia ile ya zamani hadi mwakani. Dawa ni kulipa faili jina linalokokotolewa kutokana na yaliyomo, kama app.3f9a1c.js. Ukibadilisha herufi moja, jina hubadilika, na kivinjari hulichukua kama faili jipya. Ukurasa wa HTML unaolitaja jina hilo usiupe mwaka. Upe no-cache, ili kivinjari kiulize kwanza. Kama haujabadilika, seva hujibu 304 bila kutuma ukurasa.

Kama una tovuti, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao, pakia ukurasa upya na uchague faili lolote la .js. Usipoona content-encoding na cache-control katika jibu la seva, mpigie aliyekutengenezea. Ni kazi ya dakika chache, na haihitaji kununua seva nyingine.