Je, Wajua? Modemu ya USB na Linux mjini Kolwezi

Je, wajua kwamba modemu nyingi za USB huanza kwa kujifanya CD? Kiwandani huwekewa kumbukumbu ndogo yenye draiva za Windows. Windows ikishasakinisha draiva hizo, huiamuru modemu igeuke na kuanza kazi yake ya kweli. Zamani Linux iliiona CD, ikaifungua, ikaishia hapo. Ndipo wengi walipoambiwa dukani kwamba modemu "haikubali Linux". Aliyewakomboa ni Josua Dietze, mwandishi wa USB_ModeSwitch, programu huria aliyoanza kuiandika 2007.

Mageuzi hayo unaweza kuyaona kwa macho yako. Chomeka Huawei E3372, fungua terminali, andika `sudo dmesg`. Mistari ya mwisho itakuonyesha kifaa kikiingia kwa kitambulisho 12d1:1f01, kikitoka, kisha kikirudi kwa 12d1:14dc. Sehemu ya kwanza, 12d1, ni Huawei (ZTE ni 19d2). Sehemu ya pili imebadilika kwa sababu CD imekuwa modemu. Ikibaki 1f01, usiilaumu laini wala usikimbilie kununua mega: modemu bado inajiona CD.

Je, wajua kwamba Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, huja na USB_ModeSwitch ndani yake, pamoja na ModemManager na NetworkManager, zinazosimamia modemu na miunganisho? Kwa nyumba ambayo modemu ndiyo intaneti yake pekee, hili ni jambo kubwa, maana huwezi kupakua dawa ya modemu kwa modemu isiyofanya kazi. Mwanzilishi wa Ubuntu, Mark Shuttleworth, naye ni mtoto wa mji wa migodi kama Kolwezi: alizaliwa Welkom, Afrika Kusini, mwaka 1973.

Je, wajua kwamba modemu ya leo bado inaelewa amri za mwaka 1981? Kampuni ya Hayes ya Marekani ilizibuni kwa ajili ya modemu za simu za waya, na karibu zote huanza na herufi AT. Modemu yako ikionekana kama /dev/ttyUSB0, ifungue kwa programu ya minicom na uandike mrithi wa amri hizo, `AT+CSQ`. Jibu huanza na namba kati ya 0 na 31, au 99 ikiwa haijui. Hiyo ndiyo nguvu ya mawimbi ya mnara, na kila hatua ni desibeli 2. Tuseme umekaa ndani ya nyumba ya mabati, Dilala au Manika hapa Kolwezi, na unasoma 9. Iweke modemu dirishani kwa waya wa kurefushia. Ikipanda hadi 15, mawimbi yanayoifikia yameongezeka nguvu kama mara 16. Viboksi vitano vya alama ya mtandao haviwezi kukuambia hilo.

Waya huo uwe mfupi na mnene. USB 2.0 hairuhusu waya unaozidi mita 5, na mlango wake hutoa umeme wa volti 5 na miliampea 500 tu. Waya mwembamba hula sehemu ya umeme huo njiani, modemu ikazimika kila inapojitahidi kuufikia mnara wa mbali. Watu hudhani mtandao unakatika, kumbe ni umeme wa waya.

Sasa habari ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote hapa. Je, wajua kwamba modemu mbili zinazofanana kabisa kwa nje zinaweza kula mega zako kwa namna tofauti? NetworkManager ikiiona modemu ya kawaida, ile inayopiga *99#, hujua kwamba hiyo ni laini ya simu na hukisia kwamba kila mega inalipiwa. Modemu ya aina ya HiLink haijitambulishi hivyo. Hujionyesha kama kadi ya mtandao wa waya, yenye ukurasa wake wa mipangilio kwenye anwani 192.168.8.1. Linux ikiona waya, hukisia kwamba hakuna anayehesabu, na masasisho huweza kuanza kushuka bila kukuuliza. Mtu amenunua kifurushi ili amtumie mteja ankara, anakuta kimekwisha kabla hata hajafungua barua pepe.

Dawa ni amri moja: `nmcli connection modify "Wired connection 1" connection.metered yes`. Weka jina la muunganisho wako mahali pa hilo lililo katika alama za nukuu. Ukiandika `nmcli connection` utaliona. Kama unatumia Ubuntu, ongeza `sudo snap set system refresh.metered=hold`, maana programu za aina ya snap zina ratiba yake ya masasisho. Kisha sakinisha vnstat, ikuhesabie ulichotumia kwa siku na kwa mwezi. Anayelipia mega kwa faranga zake ana haki ya kujua zilikokwenda.

Je, wajua kwamba njia ya umeme kutoka bwawa la Inga inaishia Kolwezi? Ni kilomita 1,700, umeme wa mkondo mnyoofu, na imefanya kazi tangu 1982. Ilijengwa kwa ajili ya migodi, na mitaani umeme bado hukatika. Hapo ndipo modemu ya USB inapokishinda kisanduku cha Wi-Fi cha kuchomeka ukutani: inakunywa betri ya kompyuta, tena si zaidi ya wati 2.5. Na betri hiyo, kama zilivyo nyingi za kompyuta mpakato, ina kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, sehemu kubwa katika ukanda huu huu.

Je, wajua kwamba Linux ina saa ya Katanga, eneo ilimo Kolwezi? Andika `timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`. Ukichagua Kinshasa utakuwa nyuma kwa saa moja.

Je, wajua kwamba kila mtandao una namba ambayo modemu huisoma kabla ya jina? Kongo ni 630: Vodacom 630 01, Airtel 630 02. Zambia ni 645. Mawakala wa forodha na wasafirishaji wanaosindikiza shaba hadi Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, wanapaswa kulijua hili, kwa sababu mpakani modemu inaweza kudaka mnara wa upande wa pili na kuanza kulipisha bei ya ugenini. Kwa modemu ya kawaida, weka `gsm.home-only yes` kwenye muunganisho wako kwa nmcli, nayo itakataa kabisa mtandao wa nje.

Je, wajua kwamba Huawei za zamani hukuambia zenyewe kama zimefungwa kwa mtandao mmoja? Amri ni `AT^CARDLOCK?`. Jibu likianza na 1, imefungwa. Namba inayofuata ni majaribio yaliyobaki ya kuingiza namba ya kufungulia, kwa kawaida 10. Yakiisha, hata namba sahihi haiifungui tena. Fundi akianza kubahatisha namba, mnyang'anye modemu yako.

Kuna siku ambazo amri zote zitakuwa sahihi na bado hakuna kitu. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchini Kongo, ikarudi baada ya siku kama 20. Minara ilikuwa bado wima na modemu ziliiona.

Je, wajua kwamba unaweza kusasisha Linux inayotumia apt, kama Ubuntu, bila kupitisha masasisho kwenye modemu? Sakinisha apt-offline mara moja. Nyumbani, `apt-offline set` huandika kwenye faili orodha ya vinavyohitajika. Beba faili hiyo kwenye flashi hadi penye mtandao wa kasi, ofisini au chuoni, na huko `apt-offline get` ipakue vyote. Ukirudi, `apt-offline install` huviingiza. Kompyuta ya kule si lazima iwe ya Linux. Ikiwa na Python na apt-offline, inatosha.